Madaftari Matatu ya Mtoto Mmoja: Uchambuzi wa Kisa kutoka Shule ya Msingi Wilayani Mufindi

Kisa hiki kinahusu mvulana wa miaka tisa aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 katika shule ya msingi ya serikali wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Kwa mwaka mmoja na nusu alipita katika mikono ya walimu watatu wa shule hiyo hiyo: mwalimu wa darasa aliyemfundisha kusoma katika vipindi rekebishi, mwalimu wa malezi na unasihi aliyemwita mara kwa mara kuzungumza naye, na mwalimu wa muziki aliyempokea katika kwaya ya shule. Hakuna kati yao aliyekuwa mvivu. Kila mmoja alifanya alichofundishwa kufanya, akaandika alichokiona, akafunga daftari lake. Mtoto naye akabaki pale pale, hasomi, hazungumzi, na sifa yake ya uzembe ikaenea hadi kwa walimu wa madarasa ya juu ambao hawakuwahi kumfundisha. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba huduma hazikupungua. Kilichomchelewesha ni huduma tatu kukaa mbalimbali, ilhali jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa vipande vipande katika kumbukumbu za wote watatu.

Jina la mtoto, la shule na la kijiji yameachwa kwa makusudi. Bibi anayemlea na mwalimu mkuu waliniruhusu kusoma daftari la mwalimu wa darasa na la mwalimu wa muziki. Daftari la unasihi sikulisoma, kwa sababu nitakayoieleza mbele, nikaishia kuzungumza na mwenye nalo.

Mahali na nyumbani

Mufindi ni nchi ya baridi. Mashamba ya chai na misitu ya kupandwa, ukiwemo msitu mkubwa wa serikali wa Sao Hill, huajiri sehemu kubwa ya watu, na waliobaki hulima mahindi, viazi na maharage. Mwezi Juni na Julai ukungu huchelewa kuondoka asubuhi, watoto hukaa jikoni kwenye moto wa kuni kabla ya kwenda shule, na mafua huwakaa wengine kwa majuma. Nayataja haya kwa sababu mafua yasiyokwisha na moshi wa jikoni vina nafasi yake katika kisa chenyewe, si kwa ajili ya kupamba maelezo.

Mama wa mtoto huyu alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, kama walivyofanya mabinti wengi wa Iringa na Njombe kwa miaka mingi, na mtoto akaachwa kwa bibi mzaa mama angali mdogo. Nyumbani kinasemwa Kihehe. Kiswahili alikipata zaidi alipoanza shule. Bibi hulima robo ekari na katika kipindi cha mvua hugema ulanzi, yaani utomvu wa mianzi michanga unaokingwa kwenye mbeta (vyombo vya mianzi) asubuhi na jioni na kuuzwa kilabuni siku hiyo hiyo. Miguu ya bibi haimruhusu tena kuzunguka mianzi yote kwenye utelezi, hivyo kazi ya asubuhi ni ya mjukuu. Kuanzia Januari hadi Aprili mara nyingi mtoto alikuwa akifika shuleni baada ya kipindi cha kwanza, akiwa ameloa hadi magotini, na nafasi inayobaki kwa anayechelewa ni dawati la mwisho.

Darasa lenyewe lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sabini, wakati kiwango kinachokubalika nchini ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Tangu sera ya elimumsingi bila ada ilipoanza Januari 2016, shule nyingi za vijijini zimepokea watoto ambao zamani wangebaki nyumbani, jambo la kushukuru. Vyumba na walimu havikuongezeka kwa mwendo huo huo.

Madaftari matatu

Daftari la mwalimu wa darasa ndilo lililonishughulisha zaidi. Mwalimu huyu, mwanamke mwenye uzoefu wa kufundisha stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya mwanzo, alikuwa akiwabakiza watoto waliochelewa kusoma kila siku baada ya vipindi vya kawaida. Njia yake ilikuwa ile ambayo kila aliyesoma shule zetu anaijua: silabi ubaoni, fimbo ya kuonyeshea, mwalimu anatamka, watoto wanaitikia kwa pamoja. Kuhusu mtoto huyu aliandika kwamba katika kuitikia hana tatizo, ila akisimamishwa peke yake hutazama chini. Maelezo hayo yamerudiwa karibu kwa maneno yale yale katika kurasa nyingi, na nadhani mwalimu mwenyewe alikuwa amechoka kuyaandika.

Katika daftari hilo kulikuwa na karatasi ya imla ya mtoto, imebanwa kwa pini. Maneno yaliyosomwa yalikuwa ya kawaida. Mama, bibi, embe na gari aliyaandika sawasawa. Sufuria aliandika «uuria», kofia akaandika «koia», shoka ikawa «oka», na safari ikawa «aari». Pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: hana umakini, anaruka herufi.

Aangalie mtu ni herufi zipi zinazorukwa. Irabu zote zipo. Sauti m, b, g, k na r zipo. Zinazokosekana ni s, f na sh, ambazo hutamkwa kwa pumzi tu bila mtetemo wa koo, na ni miongoni mwa zilizo dhaifu zaidi kusikika. Mtu akizungumza kwa mbali au katika kelele, zimo miongoni mwa zinazopotea kwanza. Mtoto asiye na umakini huruka herufi ovyo, leo hii, kesho ile. Huyu alikuwa akiruka zile zile. Karatasi ile ilikuwa kipimo cha usikivu kilichokwisha kufanyika, kikasahihishwa kama jaribio la Kiswahili na kupewa alama.

Nilimwuliza mwalimu alisimama wapi wakati akisoma imla. Alisema alikuwa akizunguka katikati ya madawati ili kuzuia watoto kuibiana, kwa hiyo kwa mtoto wa dawati la mwisho sauti ilitoka mbali au nyuma, na midomo haikuonekana. Katika siku kadhaa mtoto huyu alikamatwa akichungulia daftari la jirani, akachapwa. Kuhusu viboko nitasema jambo moja na kuendelea. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinataka adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, isizidi viboko vinne, tena iandikwe katika daftari maalumu. Daftari hilo shuleni lipo, na jina la mtoto huyu halimo hata mara moja. Maana yake ni kwamba alichapwa nje ya kanuni kwa kosa la kutafuta kwa macho kile ambacho masikio hayakumpa.

Mwalimu wa malezi na unasihi ni mwalimu wa hisabati aliyepewa jukumu hilo baada ya semina. Miongozo ya wizara inataka kila shule iwe na huduma ya malezi na unasihi, na inataka mahali pa faragha. Hapa palikuwa ni stoo ya vitabu isiyo na mlango, ambapo maneno yanayosemwa kwa sauti ya chini ili wapitao wasisikie hayamfikii hata aliyekusudiwa. Mtoto alijibu maswali machache sana, na mengine aliyajibu visivyo. Mwalimu alihisi kuna jambo zito nyumbani. Hisia hiyo ilikuwa ya haki: mtoto asiye na wazazi karibu, mkimya, mchelewaji, ambaye wenzake hawakutaka kukaa naye kwa sababu ya harufu. Walimu wawili walidhani harufu ni ya ulanzi, na kwa kuwa katika kata hiyo watoto kuonja ulanzi mtamu wa asubuhi si jambo geni, dhana ilikubalika bila kupimwa.

Mwalimu huyo alikwenda nyumbani. Alipofika na kusema kamwene, salamu ya Kihehe, bibi alimwekea kigoda na kumweleza mengi, mojawapo likiwa kwamba mjukuu wake alitoka usaha masikioni tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na kwamba humtilia mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kila usaha ukianza. Mwalimu alilisikia, akaliandika, na kulihesabu kuwa moja kati ya dalili za umaskini wa kaya. Aliyatilia mkazo mahudhurio, akakubaliana na bibi kwamba mtoto atoke nyumbani mapema. Siwezi kumlaumu. Aliyekwenda kutafuta jeraha la moyo hana sababu ya kusimama kwenye sikio, hasa ikiwa hakuna aliyemwonyesha karatasi ya imla.

Daftari la tatu lilikuwa la mwalimu wa muziki, na lilikuwa na kurasa chache kuliko yote. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo kwa darasa la tatu na kuendelea. Katika shule nyingi nilizozitembelea kipindi hicho huazimwa na hisabati kila mtihani unapokaribia, na sioni dalili ya kurudishwa. Shule hii ilikuwa na bahati ya kijana anayeimba besi katika kwaya ya usharika wake, anayesoma nota za do-re-mi, na aliyekichukua kipindi kwa uzito. Vyombo vilikuwa ngoma mbili za ngozi ya ng'ombe na makayamba ya kutengenezwa hapo hapo.

Aliandika mambo ambayo hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi ya kuyaona. Mtoto hushika mapigo vizuri sana akiwa karibu na ngoma. Akisimama upande wa kushoto wa mstari, wenzake wakiwa kuliani kwake, huimba sauti ya kwanza bila kupotea. Akihamishiwa mwisho wa kulia, wenzake wakiwa kushotoni, hushuka au kupanda ovyo, kisha hunyamaza. Daima humtazama mwalimu mdomoni. Mwalimu alihitimisha kwamba kila mwimbaji ana mahali anapopapenda, akamwacha kushoto, na kwaya ikaendelea.

Kisha mwezi wa nne akaondolewa. Shule ilikuwa na kanuni kwamba anayepata chini ya nusu katika majaribio ya wiki hataimba wala kucheza mpira, bali atakaa kwenye vipindi rekebishi. Naielewa nia ya kanuni hiyo, nami naipinga. Inauchukua muziki kuwa zawadi ya waliokwisha kufaulu, na matokeo yake ni kwamba mtoto anayehitaji kuonekana kwa namna nyingine ndiye anayefungiwa mahali pekee anapoonekana. Rejesta inaonyesha kwamba katika majuma aliyokuwa kwenye kwaya, siku za mazoezi hakuchelewa, ulanzi au bila ulanzi. Baada ya kuondolewa, siku zote zikawa sawa.

Jinsi mambo yalivyokutanishwa

Walikutanishwa na fomu, si hekima ya mtu yeyote. Mwezi wa nane afisa elimu kata alitaka orodha ya wanafunzi wa darasa la tatu wasiojua kusoma, yenye safu ya sababu na safu ya hatua zilizochukuliwa, kwa kuwa mwaka unaofuata watoto hao wangekabili upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Walimu watatu walikaa kwenye meza moja ya ofisi kujaza. Walipofika kwa mtoto huyu, mwalimu wa darasa aliandika uzembe. Mwalimu wa unasihi akasema lifutwe, liandikwe mazingira ya nyumbani. Mwalimu wa muziki, ambaye hakuwa ameulizwa, akasema huyo mtoto anasikia sikio moja.

Walimwita mwenzake wa dawati. Mtoto huyo, alipoulizwa, alieleza kwa utulivu kabisa kwamba rafiki yake hutoka usaha sikio la kushoto, kwamba ukimwambia kitu lazima upite upande wa pili, na kwamba harufu ni hiyo. Darasa zima lilijua. Hili ndilo linalonisumbua zaidi katika kisa kizima, kuliko viboko na kuliko kanuni ya kwaya: taarifa iliyotafutwa kwa semina, ziara na vipindi vya ziada ilikuwa mdomoni mwa mtoto wa miaka tisa ambaye hakuna mtu mzima aliyefikiria kumwuliza.

Siku iliyofuata walifanya jaribio la kunong'ona ambalo mwalimu mkuu alilijua kutokana na mafunzo ya elimu jumuishi. Mtoto huketishwa mahali pa kimya, mpimaji husimama nyuma yake umbali wa mkono ulionyooshwa ili midomo isionekane, sikio moja huzibwa kwa kidole kinachosuguliwa taratibu, na maneno hunong'onwa kwa sikio jingine ili ayarudie. Upande wa kulia alirudia baadhi. Upande wa kushoto hakurudia hata moja, akageuka kuuliza kama wameanza. Walimu hawakujifanya madaktari. Waliandika walichokiona kwenye karatasi na kumpa bibi aende nayo kituo cha afya pamoja na mwalimu wa unasihi.

Gharama ilikuwa kikwazo cha kwanza. Matibabu bila malipo kwa mujibu wa sera huwahusu watoto walio chini ya miaka mitano, na mtoto huyu alikwisha kuuvuka umri huo. Kaya haikuwa imejiunga na mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa, ambao mchango wake wakati huo ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mama alituma sehemu ya fedha kwa simu, walimu wakachangia iliyobaki ya dawa na nauli ya bodaboda. Nasema hivyo bila kuusifu mpango huo, kwa sababu shule inayotegemea mifuko ya walimu wake haina mpango.

Mganga alikuta maambukizi sugu ya sikio la kati upande wa kushoto, ngoma ya sikio imetoboka, na upande wa kulia uchafu uliogandamana. Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi huhesabiwa kuwa na maambukizi sugu, na tiba yake inadai uvumilivu kuliko utaalamu: kukausha sikio walau mara tatu kwa siku kwa kipande cha kitambaa safi kilichosokotwa, kikiloa kinatupwa na kuwekwa kingine hadi kitoke kikavu, kisha matone ya dawa kwa wiki mbili. Mafuta ya bibi yalikatazwa, na maji pia. Asubuhi na jioni bibi alikausha mwenyewe. Mchana ilimwangukia mwalimu wa darasa, yule yule mwenye kalamu nyekundu, ambaye aliniambia kwamba kabla ya hapo hakuwahi kumshika mtoto huyo isipokuwa kwa fimbo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika, na maambukizi ya sikio, ambayo mafua yasiyokwisha na moshi wa jikoni huyachochea, yamo miongoni mwa sababu hizo. Anayefanya kazi na watoto wa nyanda za juu kusini hana budi kuichukua takwimu hiyo kama sehemu ya somo la kusoma, kama anavyolichukulia suala la uji wa mchana.

Kilichofuata darasani

Sikio la kulia, baada ya kusafishwa, lilisikia karibu sawasawa. La kushoto lilikauka, likarudia wakati wa mvua, likakauka tena. Mtu mmoja kwenye kamati ya shule alipendekeza mtoto apelekwe shule ya viziwi iliyopo Njombe, na pendekezo hilo lilitolewa kwa huruma. Lakini mtoto mwenye sikio moja zuri anaweza kusoma na wenzake ikiwa atakaa mahali panapofaa. Alihamishiwa dawati la mbele upande wa kushoto wa chumba, ili sikio la kulia lielekee kwa mwalimu na kwa darasa. Mabadiliko hayo hayakugharimu chochote, na yangeweza kufanyika miezi 18 kabla.

Hata hivyo sikio lililopona halimfundishi mtu kusoma. Alikuwa amekosa miaka miwili ya kutofautisha sauti, na kumrudisha kwenye kuitikia silabi kwa pamoja kulimrudisha pale pale alipokuwa amejifunza kujificha. Hapa ndipo mwalimu wa darasa na wa muziki walipofanya kazi ninayoiona kuwa bora kuliko yote katika kisa hiki.

Katika karatasi ya nota za do-re-mi, maneno ya wimbo huandikwa chini ya nota yakiwa yamekatwa silabi kwa silabi, kila silabi ikiwa na sauti yake. Kiswahili kinaikubali njia hii bila taabu kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia na irabu na huweza kuvutwa kadiri nota inavyotaka. Mwalimu wa muziki alitambua kwamba alichokuwa akikiandika ubaoni kwa ajili ya waimbaji kilikuwa chati ya silabi, tofauti ikiwa kwamba mtoto tayari anayajua maneno kichwani. Walichukua wimbo ambao kwaya iliuzoea, wakauandika kwa herufi kubwa, na mtoto akaimba polepole huku akigusa kila silabi kwa kijiti. Nota ndefu ilimpa muda wa kuitazama herufi. Silabi zenye s, f na sh ziliwekwa kwa makusudi kwenye nota ndefu, na mwalimu alizitamka akiwa mbele yake, akimtaka aweke kiganja mbele ya mdomo ahisi pumzi.

Mwalimu wa darasa alitia shaka, na shaka yake iliokoa zoezi lote. Alisema kuimba huku unagusa si kusoma, kwani hata yeye anaimba nyimbo za Kilatini za utotoni bila kujua zinavyoandikwa. Akakata silabi za wimbo kutoka maboksi ya chaki, akazichanganya, na kumtaka mtoto aunde maneno yasiyomo kwenye wimbo. Majuma ya kwanza alishindwa, naye akaanza kuimba kimoyomoyo hadi aifikie silabi anayoitaka, mdomo ukichezacheza. Kisha akaanza kuzitambua bila kuimba. Kufikia mwezi wa kumi na moja alisoma sentensi za kitabu cha darasa la kwanza kwa kusitasita, na imla yake ilikuwa na s na f mahali pake, ingawa sh bado iliandikwa s. Hiyo ni hatua ya darasa la kwanza iliyofikiwa mwishoni mwa darasa la tatu, na haipaswi kutangazwa kuwa zaidi ya hapo.

Unasihi nao ulibadilika sura. Mwalimu aliacha kutafuta siri, akaanza kumfundisha mtoto maneno ya kutumia: «Samahani mwalimu, sijasikia, naomba urudie.» Kwa mtoto aliyezoea kwamba kutosikia huleta kiboko, sentensi hiyo si nyepesi, na walilazimika kuifanyia mazoezi stooni, kisha kwa mwalimu mmoja, kisha darasani. Mwalimu alizungumza pia na darasa kuhusu harufu na utani, bila kumtaja mtu, jambo ambalo kila mwanafunzi alielewa linamhusu nani.

Suala la faragha

Baada ya mafanikio hayo mwalimu mkuu alitaka madaftari yote matatu yaunganishwe kuwa moja na kukaa ofisini. Mwalimu wa unasihi alikataa, na naamini alikuwa sahihi. Katika daftari lake mna mambo ambayo watoto wengine walimweleza wakiamini hayatatoka, baadhi yakihusu ndugu wa walimu wa shule hiyo hiyo. Katika kijiji ambacho kila mtu ni shemeji wa mtu, daftari la ofisini ni daftari la kijiji. Yako mambo ambayo sheria inamtaka ayapeleke mbele bila kungoja, kama vile dalili za kunyanyaswa, na kwa hayo kuna afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia la polisi na simu ya watoto ya bila malipo, namba 116. Mengine ni amana.

Walichokubaliana ni karatasi moja kwa kila mtoto anayepata huduma zaidi ya moja, ambamo huandikwa kinachoonekana tu, si kinachodhaniwa wala kilichosimuliwa kwa siri. «Mzembe» hairuhusiwi. «Anaruka s na f» huruhusiwa. «Ana matatizo nyumbani» hairuhusiwi. «Hufika baada ya kipindi cha kwanza siku za mvua» huruhusiwa. Mwalimu wa unasihi huweza kuandika kwamba mtoto ageuziwe upande fulani anapozungumzishwa, bila kueleza amelijuaje. Karatasi hizo husomwa kwa pamoja mara moja kwa mwezi. Utaratibu huu unaonekana mdogo kiasi cha kutia aibu, lakini ndio uliokosekana.

Napenda kuonya dhidi ya somo rahisi ambalo baadhi ya walimu wa kata jirani wamekwisha kulichukua, kwamba mtoto asiyesoma apelekwe kwaya. Muziki haukumponya mtoto huyu. Ulichofanya ni kumweka mahali ambapo anatakiwa atoe kile hasa alichosikia, wakati huo huo, mbele ya mtu mwenye masikio ya kutofautisha. Katika masomo mengine mtoto anaweza kujificha nyuma ya sauti za wenzake au nyuma ya ukimya. Na si kila asiyesoma ana sikio bovu. Kati ya watoto wengine wa orodha ile ile ya mwezi wa nane, waliopimwa kwa kunong'onezwa, wengi walisikia vizuri, na sababu zao zinapaswa kutafutwa kwingine, ikiwemo kwenye darasa la watoto sabini.

Yaliyobaki

Ulanzi haujatatuliwa. Kijana wa jirani alikubali kugema asubuhi kwa kugawana na bibi, na kwa msimu mmoja mtoto aliwahi. Msimu uliofuata kijana alikwenda kuvuna mbao na mambo yakarudi yalivyokuwa. Maombi ya kaya kuingizwa katika mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini yako kwa mtendaji wa kijiji. Rufaa ya kupima usikivu wa sikio la kushoto kwa vifaa katika hospitali ya mkoa ilitolewa, na safari ya kwenda Iringa mjini imeahirishwa kwa sababu ya nauli ya watu wawili.

Jaribio la kunong'ona limewekwa katika wiki ya kwanza ya Januari kwa wote wanaoingia darasa la kwanza. Mwalimu wa muziki amehamishiwa kata nyingine, na kwaya inaongozwa kwa muda na mwalimu wa darasa la nne ambaye hasomi nota. Mtoto amerudishwa kwenye kwaya. Kanuni ya kuwaondoa wanaopata chini ya nusu imesimamishwa kwa darasa la tatu na la nne tu. Kwa madarasa ya juu bado inatumika, na mwalimu mkuu ameahidi kuipeleka kwenye kikao cha kamati ya shule cha kufunga muhula.